Dirisha linalotazama ukuta halileti hewa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie majumba ya kupangisha ya Pipeline na Huruma hapa Nairobi, yaliyobanana hadi wapangaji wa ghorofa za chini wanawasha taa saa sita mchana. Tunapodai sheria kali, tusiishie kudai madirisha. New York ilianzia hapo, na wapangaji wake wakaumia.

Sheria ya mwaka 1879 ilitaka kila chumba kiwe na dirisha linalofungukia nje. Kiwanja cha kawaida kilikuwa futi 25 kwa 100. Wenye nyumba wakabinya jengo katikati na kuacha mwanya wa inchi 28 hivi upande wao. Jirani naye akifanya vivyo hivyo, baina ya kuta mbili palibaki futi tano hivi, zimezungukwa pande zote, kwenda juu ghorofa tano au sita. Kila ghorofa ilikuwa na familia nne, vyumba 14 na vyoo viwili vya pamoja kwenye korido. Vyumba kumi kati ya hivyo vilitegemea mwanya huo.

Karatasini sheria ilitimizwa. Lakini mwanya haukuwa na pa kuingizia hewa chini, kwa hiyo hewa ilituama. Takataka zilizotupwa madirishani zilirundikana na kuoza humo. Moto ukizuka chini, mwanya uligeuka dohani, ukaupandisha dirisha hadi dirisha. Sheria hiyohiyo iliweka kikomo kwamba jengo lisizidi asilimia 65 ya kiwanja, ila maafisa walipewa ruhusa ya kulegeza, nao wakalegeza. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko mchoro wenyewe.

Mwaka 1901 ikaja sheria iliyopima nafasi: kiwanja kisicho cha kona kisijengwe zaidi ya asilimia 70, uwanja wa ndani upanuke kadiri jengo linavyopanda, kila familia ipate choo na maji ndani ya nyumba yake. Ikaundwa idara yenye wakaguzi wake, na mpangaji hakuruhusiwa kuingia kabla ya cheti kutolewa. Nyumba za zamani hazikusamehewa. Vyumba vya giza zaidi ya 350,000 vilihesabiwa, wenye nyumba wakaamriwa kutoboa madirisha ya kupitisha mwanga kutoka chumba kinachopakana nacho na kuondoa vyoo vibovu vya uani. Kesi ya kupinga agizo la vyoo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1906 mwenye nyumba akashindwa.

Kaunti ifanye hivyo. Mkaguzi afike na futi kamba wakati wa msingi, apime ukuta hadi ukuta, arudi kabla ya slabu ya kwanza kumwagwa. Slabu ya nane ikishamwagwa, hakuna atakayebomoa. Kwa majumba yaliyopo, waanze kwa kufungua mianya chini ili hewa iingie na mfagizi apite.

Mdau wa mipango miji,
Nairobi