Dada, msiikate milanzi ya babu

Kamwene dada Tumu,

Meseji yako nimeisoma nikiwa huku Afrika Kusini, Franschhoek, kwenye maegesho nasubiri wageni wamalize kula. Ya ada ya Neema na ya bati nikasema sawa, hayo yetu sote, ila pale uliposema bamdogo kashaongea na vijana waje wafyeke milanzi yote kule bondeni, ile mianzi ya babu ya kugema pombe ya ulanzi, apande parachichi, nilishindwa hata kuwasha gari. Nimekaa siku tatu nijipange nikuandikie, maana kwa simu ningepayuka.

Kwanza ujue gari la pili nimepata, la siti 13, sidaiwi hata senti. Na mwezi huu nimemaliza safari yangu mwenyewe ya siku 5 ya kutembeza wageni kwenye mashamba ya mvinyo, sio zile za kutwa moja nilizokuwa naendeshea watu. Tulianza Constantia, humuhumu Cape Town, shamba lilianzishwa 1685 na mkuu wa Wadachi Simon van der Stel, na mvinyo wake mtamu ndo aliokuwa anapelekewa Napoleon alipofungwa kisiwani Saint Helena. Nikifika hapo kwenye kusimulia wageni wote kimya, wanaangalia glasi tu. Kesho yake Stellenbosch kwenye pinotage, zabibu iliyozaliwa hapohapo mwaka 1925, profesa Perold alichanganya aina mbili. Halafu Franschhoek, kisha unaingia handaki la Huguenot karibu kilometa 4 chini ya mlima unatokea Worcester mpaka Robertson, joto kavu na udongo wa chokaa, tukamalizia Hermanus kwenye upepo wa baharini, dada ule ubaridi ni Mafinga mwezi wa saba kabisa! Wageni 9, wanne washaniambia watarudi na ndugu zao. Ile miaka ya kulala wanne chumba kimoja tuiache, imepita.

Sasa nisikilize. Wageni wangu wanachouliza sana sio bei, wanauliza nani alipanda na ni lini. Huku shamba la mizabibu likifika miaka 35 linaruhusiwa kuwekewa muhuri kwenye chupa, umeandikwa mwaka lilipopandwa, na mtu analipa zaidi kwa sababu ya huo mwaka, wakati mzabibu mzee unatoa zabibu kidogo kuliko mchanga. Na bamdogo anasema milanzi imezeeka! Babu aliipanda kabla baba hajazaliwa, kila masika inachipua upya yenyewe, haijawahi kudai mbolea wala dawa. Watalii wanakuja Kalenga hapo kuangalia fuvu la Mkwawa, wengine wanapita Iringa kwenda Ruaha, wanaondoka hawajawahi kumuona mgema akifunga mbeta ya kukingia ulanzi. Mimi huku nalisha watu kwa kutembeza wageni kwenye mashamba ya babu za wenzangu, la babu yangu mwenyewe likatwe na hakuna hata aliyeniuliza?

Hilo ndo limeniuma, dada. Na la mama pia, kwamba hela yangu ni ya pombe haitoi sadaka. Mwambie kwa upole, mimi ni dereva na muongozaji, kazini sinywi, nikionja ili nijue cha kuwaambia wageni natema kwenye ndoo, na sheria ya hapa kwa dereva wa abiria haina huruma. Halafu mkumbushe baba alisoma kwa ulanzi. Zile ndoo babu alizokuwa anapeleka mnadani ndo zilizomvalisha viatu.

Huku ni mavuno sasa hivi, kuanzia alfajiri matrekta yamejaa zabibu, harufu ya zabibu zinazoanza kuchachuka imetanda bonde zima. Nikiisikia nafunga macho naona babu anashuka bondeni na umande, mimi nyuma nimebeba kidumu, nyuki wametangulia kwenye mbeta, ananipa ule wa asubuhi mtamu kabla haujachachuka ukawa mkangafu, ule mkali. Hakuna mvinyo niliowahi kuonja hapa ukanipa hivyo, na nimeonja mingi.

Basi nimefanya hivi. Ada ya Neema nimetuma yote, angalia simu. Ya bati nimetuma nusu. Nusu nyingine na hela ya miche ya parachichi nimeitenga, bamdogo apande kule juu karibu na barabara ambako pamekaa bure miaka yote, shimo la kwanza achimbe hata kesho. Ila naituma siku utakayonipigia picha milanzi imesimama. Piga asubuhi na mapema, na mbeta zionekane zimefungwa.

Msalimie mama mkubwa na wote wa Kihesa. Mwezi wa sita wageni wanapungua huku, nauli naanza kuitafuta.

Mdogo wako,
Lusi