Shoga, kikoba chetu kisiitwe Frieda

Shoga yangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka kikoba chetu cha manesi tukiite Frieda, kwa kuwa eti binti huyo wa ukoo mkubwa aliacha raha za kwao Ujerumani akaja kuuguza huku kwetu. Nakujibu hapa hadharani, na wenzetu wasome.

Kuja alikuja kweli. Frieda von Bülow alizaliwa Berlin mwaka 1857, akatua Zanzibar mwaka 1887 kuanzisha huduma ya uuguzi katika koloni lililokuwa bado changa. Wagonjwa aliowaweka mbele ni Wajerumani wenzake. Kwa hilo peke yake nisingemlaumu sana. Nasi tukiwa ugenini huanza na wa kwetu. Mwaka uliofuata malaria ikamrudisha kwao.

Kinachonishinda ni Carl Peters, Mjerumani aliyeanzisha koloni lao la Afrika Mashariki. Frieda alimpenda bwana huyo, yule yule aliyeitwa Mkono wa Damu, ambaye akiwa Kilimanjaro aliamuru wanyongwe mtumishi wake Mabruk na msichana wa Kichaga, Jagodjo. Serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897. Na Frieda je? Mwaka 1899 akatoa riwaya, Im Lande der Verheissung, yaani Katika Nchi ya Ahadi, shujaa wake kachongwa kwa sura ya Peters! Nchi ya nani, shoga, na nani aliyemwahidi?

Kalamu alikuwa nayo, sikatai. Na misiba ilimwandama. Nduguye Albrecht, ofisa wa jeshi la Wajerumani, aliuawa Moshi mwaka 1892 akipigana na Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko. Mwaka uliofuata Frieda akarudi kusimamia shamba, huko huko kwenu Tanga. Kufiwa ni kufiwa, nampa pole yake, lakini Albrecht hakwenda Moshi kusalimia watu.

Ila kuna mtu mmoja katika nyumba ile ambaye hukumtaja, pengine hukumjua. Ni dada yake, Margarethe, naye mwandishi. Januari 1884, kwenye ziwa la Rummelsburg, Berlin, barafu ilivunjika, mtoto akatumbukia. Margarethe akamfuata majini amwokoe, akafa maji. Hakuuliza mtoto wa nani.

Basi, kama lazima jina litoke kwa akina von Bülow, kura yangu naipa Margarethe. Mwambie mweka hazina aandike.