Barua ya Wazi kwa Jaji Mkuu wa Kenya: Mama Hana Hati ya Shamba

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu,
Mwenyekiti, Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki,
Nairobi.

KUH: BONDI NA FAINI ZA WANAWAKE WENYE MAKOSA MADOGO

Mheshimiwa,

Tunakusalimu kwa heshima inayostahili kiti chako. Tungekuandikia faraghani kama barua za faraghani zingejibiwa.

Juma lililopita, katika mahakama moja ya hakimu ambayo hatutaitaja, watu wawili walisomewa shtaka lile lile asubuhi moja: kuuza chang'aa bila leseni. Wote walikana. Wote walipewa bondi ya shilingi 100,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho, au dhamana ya pesa taslimu shilingi 30,000. Mwanamume alikuwa nje kabla ya saa nane, kwa kuwa binamu yake alileta logibuku, yaani hati ya umiliki, ya bodaboda. Mama mwenye mtoto mgongoni akapandishwa gari la magereza, na mtoto akapanda naye.

Hakimu hakumbagua mtu. Hilo tunalikubali, na ndilo linalotukera.

Tueleze bondi inavyotolewa, maana huenda huko juu haionekani. Mdhamini huja na hati asilia ya ardhi, matokeo ya upekuzi kutoka ofisi ya ardhi, ripoti ya mthamini, kitambulisho na picha. Karatasi zikaguliwe, zithibitishwe, ndipo zimfikie hakimu. Ikikosekana moja, rudi kesho. Sasa hati hiyo mama ataitoa wapi? Shamba analolilima lina jina la mume, au la baba mkwe aliyefariki zamani na mirathi haijashughulikiwa, hivyo hata huyo mume hawezi kulitumia. Hati ya mshahara hana, kwa sababu hajaajiriwa na mtu. Na akishtakiwa kwa kumjeruhi mumewe, mwenye hati ndiye mlalamishi! Wanaoweza kumdhamini ni mashemeji, yaani ndugu wa mlalamishi.

Wapo wanaosema mahakama huwahurumia wanawake. Ni kweli, soma Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 210 kinampunguzia mama aliyemuua mwanawe aliye chini ya miezi kumi na miwili, akili yake ikiwa haijatulia baada ya uzazi. Kosa hilo huadhibiwa kama kuua bila kukusudia. Kifungu cha 211 kinamwepusha mjamzito na hukumu ya kifo. Huruma hiyo ni ya kesi za nadra. Foleni ya kila asubuhi ni ya pombe, uchuuzi na ugomvi wa majirani, na huko huruma haijaandikwa popote. (Wanaume ndio wengi gerezani, na hatusemi wanakula asali. Wao pia wanaonewa kwa ufukara. Barua yao tutaiandika.)

Wengi hukiri ili warudi nyumbani upesi. Hapo inakuja faini. Kwa kifungu cha 28 cha Kanuni hiyo ya Adhabu, faini inayozidi 15,000 hadi 50,000 isipolipwa, kifungo kinaweza kufika miezi sita. Ikiwa 15,000 kamili, hakiwezi kupita mitatu. Hakimu anayetamka 20,000 badala ya 15,000 ameongeza mara mbili muda ambao mama anaweza kukaa ndani, pengine bila kukusudia. Na nani atalipa? Mume akifungwa, mke na mama mkwe huzunguka kijiji kizima wakichangisha. Mke akifungwa, mara nyingi haji mtu. Tunadhani ni aibu. Labda ni hasira, labda ni ufukara tu. Wale wanaokuja na 8,000 hurudi nazo, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba sehemu ya faini ikilipwa, kifungo hupungua kwa kadiri hiyo.

Mtoto chini ya miaka minne Sheria ya Magereza inamruhusu kukaa na mamake. Wa miaka sita je? Hakimu hakuuliza. Na kwa kuwa magereza ya wanawake ni machache, mama hupelekwa mbali, hata kutembelewa ni nauli.

Ahadi tunazo, Mheshimiwa, tena za kutosha. Sheria ya huduma kwa jamii, yaani kazi za umma badala ya kifungo, ni ya 1998. Katiba, Kifungu cha 49(2), inakataza rumande pale kosa linapoadhibiwa kwa faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kanuni za Bangkok, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake, ni za 2010. Mwongozo wa dhamana ni wa 2015, wa hukumu 2016, ukarekebishwa 2023. Ukaguzi wa Baraza lako la 2017 ulikiri kwamba mfumo huu unamwelemea maskini. Hongera kwa uchapishaji.

Mwongozo wa dhamana unamtambua afisa wa probesheni: aende, aulize mshtakiwa anaishi wapi, anategemewa na nani, anaweza kupata kiasi gani, kisha alete ripoti. Maafisa ni wachache na orodha ya kesi ni ndefu, kwa hiyo ripoti hiyo huagizwa zaidi kwa kesi za mauaji. Muuza chang'aa hutajiwa kiasi kwa dakika mbili.

Basi hatuombi maafisa wapya wala jengo jipya. Toa waraka kwa mahakimu wote: katika makosa madogo, kabla ya kutaja shilingi yoyote, mshtakiwa aulizwe ana watoto wa umri gani, nani atabaki nao, na leo anaweza kupata pesa ngapi. Majibu yaandikwe kwenye faili. Akiwa hana kitu na makao yake yanajulikana, aachiliwe kwa ahadi yake mwenyewe, bila mdhamini. Sheria inaruhusu tayari.

Tunaomba waraka huo tu. Ukurasa mmoja unatosha. Hata nusu.

Wako watiifu,
Wasaidizi wa kisheria wa kujitolea, Pwani