Fumbo la Ajabu Katika Ramani ya Gemu: Lirahisishwe au Liachwe?

Wateja wengi wanaotuletea ramani zao za Minecraft, yaani dunia za mafumbo zilizojengwa kwa matofali ya gemu hiyo, ili tuzipime na kuzirekebisha, wawe ni wenye kumbi za gemu katikati ya jiji la Nairobi au walimu wanaosimamia klabu za kompyuta, huja na ombi moja: mafumbo yarahisishwe, kwa sababu wachezaji wanakwama na kuondoka. Ombi hilo tunalielewa, lakini hatulitekelezi kabla ya kujua mchezaji anakwama wapi. Kuna fumbo linalomkwamisha mtu kwa sababu bado hajalitafakari vya kutosha, na kuna linalomkwamisha hata baada ya kulifumbua. Hilo la pili ndilo tunalorahisisha bila kusita.

Chukua mlango wa pistoni, yaani tofali linalosukuma matofali mengine. Katika toleo la Java, lile la kompyuta, pistoni huweza kupata nguvu ya redstoni (umeme wa ndani ya gemu) iliyoelekezwa kwenye nafasi iliyo juu yake, hata kama nafasi hiyo ni tupu, ila haisogei mpaka kitu kilicho jirani nayo kibadilike na kuiamsha. Mafundi wa ramani wameitumia tabia hiyo kwa miaka mingi kutengeneza milango ya siri inayopendeza sana. Toleo la Bedrock, ambalo ndilo linalochezwa kwenye simu, halina tabia hiyo kabisa. Kwa hiyo ramani iliyojengwa kwa Java ikihamishiwa Bedrock ili watoto waicheze kwa simu, mlango unabaki umefungwa, na watoto waliokwisha kupata jibu sahihi wanavuta swichi tena na tena wakidhani kwamba wao ndio waliokosea. Kumfanya mtoto atilie shaka jibu lake sahihi ni kumdhulumu, na hapo tunaunda upya njia ya umeme wa mlango bila kugusa swali lenyewe.

Jambo la pili ni muda. Seva ya Minecraft, yaani kompyuta inayowaunganisha wachezaji, huendesha mchezo kwa hatua ndogo zinazoitwa mapigo, 20 kwa sekunde, na katika Java kitufe cha jiwe kikibonyezwa hutoa ishara kwa sekunde 1, cha mbao kwa sekunde 1.5. Fumbo linalodai wachezaji wawili wabonyeze vitufe kwa pamoja huenda vizuri katika ukumbi mmoja, ambapo mtu anahesabu kwa sauti na mwenzake anasikia. Seva ikiwa Ulaya, ujumbe kutoka Nairobi kwenda na kurudi mara nyingi hupita milisekunde 100, tena seva ikilemewa mapigo hupungua na kila kitu huchelewa. Sisi hupanua muda huo wa kubonyeza uwe wa sekunde kadhaa. Sharti la kushirikiana linabaki palepale. Kinachoondoka ni bahati ya mtandao.

Lakini ugeni peke yake si kasoro. Kuna mteja aliyetaka tuondoe mlango unaofunguliwa kwa kitabu: kitabu cha kurasa 15 huwekwa juu ya meza yake ya kusomea, na kilinganishi (kifaa cha redstoni kinachosoma hali ya kitu) kilicho nyuma ya meza hutoa ishara ya nguvu 1 hadi 15 kulingana na ukurasa uliofunuliwa. Mchezaji mmoja yuko mbele ya kitabu, mwingine yuko chumba cha pili akitazama taa zinazowaka, na hakuna anayeweza kusonga bila kumweleza mwenzake anachokiona. Tulimshauri asiuondoe. Utaratibu huo ni wa ajabu, lakini kila hatua yake inaonekana kwa macho na inazungumzika, na mazungumzo hayo ndiyo sababu ya watu kucheza pamoja. Ukiweka swichi ya kawaida, mchezaji wa pili anabaki msindikizaji tu.

Tunaangalia pia mchezaji anayetoka katikati ya mchezo, iwe ni kwa sababu ya stima kupotea au bando kuisha. Ufunguo ulio kwenye mzigo wake hutoka naye, na wenzake wote hukwama, kwa hiyo kila fumbo la namna hiyo tunaliwekea njia ya kuanza upya.

Mteja anayetaka ramani yake ipimwe atuletee nakala, atueleze toleo linalotumika, idadi ya kawaida ya wachezaji na mahali seva ilipo. Kwanza tunaichezesha kwa watu wasiowahi kuiona, bila kuwasaidia, kisha tunamwandikia maoni kuhusu kila fumbo. Bei tunapatana baada ya hapo, maana ramani iliyoharibika mlango mmoja haistahili kutozwa gharama ya ujenzi mpya.