Walitulisha, sasa tunawaambia nyamazeni

Mhariri,

Kila muhula unapoanza hapa Busia, wazazi hunijia na lalamiko lilelile: watoto wa siku hizi wana majibu, hawana adabu, wachapeni. Samaki mkunje angali mbichi, huniambia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ni mama pia. Naomba nafasi nijibu.

Shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na wanafunzi wote wakarudi madarasani Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga muda mrefu kuliko Uganda. Nilikuwa nafundisha shule binafsi, kwa hiyo mshahara ulikatika mapema. Aliyeleta unga nyumbani ni mwanangu wa miaka kumi na mmoja. Aliuza nyanya mtaa kwa mtaa, akijua bei ya kwetu na ya ng'ambo ya mpaka, na shilingi za Kenya na za Uganda akizibadilisha kichwani. Jioni alikaa nami tukipanga matumizi ya kesho. Nilimsikiliza kama mtu mzima kwa sababu nilimhitaji.

Aliporudi shule, aliambiwa akunje mikono na afunge mdomo. Siku moja alimsahihisha mwalimu kwenye hesabu ya faida na hasara. Alichapwa, ingawa marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yamepiga marufuku viboko shuleni. Niliambiwa, nami nikanyamaza. Hilo linaniuma hadi leo.

Wanasosholojia Allison James na Alan Prout waliandika mwaka 1990 kwamba utoto si suala la umri tu: jamii ndiyo inayoamua mtoto ni nani, na mtoto naye ana mkono wake katika kuijenga jamii hiyo. Sisi tumeyaona haya nyumbani kwetu. Njaa ilipobisha hodi, mtoto alikuwa mkubwa. Kengele ya shule ilipolia, akawa mdogo tena, na hakuna aliyemuuliza.

Wazazi wenzangu hupenda kunikumbusha kifungu cha 31 cha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1994. Kinamtaka mtoto aheshimu wakubwa na kuisaidia familia yake. Nakubaliana nacho, wangu alisaidia kuliko nilivyostahili. Lakini kifungu cha 7 cha mkataba huohuo kinampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Hicho sijawahi kukisikia kikitajwa kwenye mkutano wowote wa wazazi.

Heshima siipingi. Binti zangu hupiga magoti wakisalimia, nami hufurahi. Ninachoomba ni kwamba mkutano ujao wa nidhamu, shuleni au kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, watoto waitwe na wapewe viti, nao waseme kabla yetu. Nimemuuliza mwanangu angesema nini. Alisema angeanza kwa kueleza alikuwa wapi miezi ile yote, maana hakuna mwalimu aliyetaka kujua.

Mwalimu na mama,
Busia, Uganda