Mita naisoma vizuri, karatasi ndo inanishinda

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni. Mi ni fundi umeme hapa Masasi, nafanya wayaringi za majumba, feni, pasi, sabufa, na hela ya korosho ikishaingia watu wanakumbuka nyumba zao hapo ndo hata kulala inakuwa shida. Sasa kuna kampuni niliomba kazi wameniita kwenye usaili, na kabla ya vitendo kuna mtihani wa kuandika, waliotangulia wanasema una vitu viwili, maswali ya sakiti na mafumbo ya namba. Vitendo sina wasi kabisa, waje hata na nguzo.

Swali kama hili. Betri ya volti 12, rezista (kile kinachoukinza umeme, kinapimwa kwa omu) ya omu 6 na ya omu 3 ziko paraleli, yaani umeme unagawanyika njia mbili, alafu inafuata ya omu 4 siriz, yaani umeme wote unapita humo, tafuta mkondo unaopita kwenye kila moja. Zile mbili najua zinakuwa omu 2, jumlisha 4 unapata omu 6, kwahiyo mkondo mzima ni ampia 2. Kuzigawa sasa hizo ampia kwenye zile mbili ndo jasho linanitoka, jibu linasema ya omu 3 inapitisha mara mbili ya mwenzake na mi njia ya kufika hapo inanipotea kila nikikaa peke yangu. Na kuna ile michoro ambayo rezista moja imekatiza katikati kama daraja, sio siriz sio paraleli, hiyo hata pa kuanzia sipaoni. Shemeji yangu mdogo yuko fomu foo, anasema ile ya katikati saa nyingine unaifuta tu maana haipitishi kitu. Saa nyingine ipi? Hapo na yeye anaanza kucheka.

Kinachoniuma haya mambo kazini nayaona kila siku. Pasi ya wati 1000 kwa volti 230 inakula ampia 4 na kidogo, chomeka na jiko na hita juu yake uone brekaa inavyoruka, kila ukiongeza mzigo ampia zinapanda. Karatasi nayo inasema ukiongeza rezista kwenye paraleli ukinzani wa jumla unashuka. Je ndo kitu kilekile? Mi nahisi ndo chenyewe ila nataka mjuzi anithibitishie.

Juzi dogo huyohuyo akasema balbu ya wati 60 na ya wati 100 ukiziunga siriz, ya 60 ndo inawaka zaidi. Fundi mwenzangu akabisha wee mpaka wakawekeana soda. Tukasaka zile balbu za zamani za waya (kuzipata siku hizi kazi kwelikweli) tukaunga, kweli bwana, ya 60 inang'aa ya 100 imekuwa nyekundunyekundu tu. Soda imelipwa kwa mbinde. Toka hapo nawaza, sakiti zote haziwezi kusomwa hivi, mezani, na balbu na mita, alafu fomula zije baadaye?

Kwenye namba ndo vituko. 2, 6, 12, 20, 30 hiyo naijua ni 42, unaongeza 4, 6, 8, unaenda hivo. Lakini wanakupa 2, 3, 5 wanauliza inayofuata. Mi nasema 8, kwa kuongeza 1, 2, 3. Dogo anasema 7 kwasababu hizo ni namba tasa. Nikaiuliza akili mnemba kwenye simu ikasema 7, nikaiambia mi nimepata 8 ikasema na hiyo sawa, hongera. Hongera ya nini sasa? Mita haiwezi kukusomea 230 alafu ukiibishia ikubali 110. Kwenye usaili naandika ipi, na nikiandika maelezo pembeni msahihishaji atayasoma?

Mke wangu anasema niende tyusheni ya jioni na wanafunzi wa fomu thrii. Sasa nusu ya wale watoto nyumba zao nimezipiga wayaringi mimi, ntakaa nao benchi moja naulizwa sheria ya Ohm? Kaka yangu anasema nikariri maswali ya zamani basi. Simu inanikokotolea kila kitu, nikisoma naelewa, nikiizima karatasi ni nyeupe tena.

Aliyepita njia hii akiwa mtu mzima na kazi yake mkononi aniambie alianzia wapi, na ile rezista ya katikati naifuta lini.

Fundi, Masasi