Ndege za nauli nafuu: Magharibi ina viwanja, imekosa njia

Mhariri,

Bajeti za kaunti zikisomwa huku kwetu, ahadi ya kiwanja cha ndege haikosi. Kakamega, Kitale, Busia, Homa Bay, Migori, na Lanet kule Nakuru, kote watu wameambiwa kwamba lami itamwagwa, barabara ya kurukia itarefushwa, na ndege za nauli nafuu zitafuata zenyewe. Hazitafuata. Naomba nafasi nieleze sababu, maana pesa zinazozikwa kwenye viwanja hivyo ni zetu, na lipo jambo lenye faida zaidi ambalo abiria wa huku hajalidai kwa sauti.

Tuanze na biashara yenyewe. Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilianza kuruka Aprili 2014 kutoka Nairobi kwenda Mombasa, Kisumu na Eldoret, na nauli ya chini kabisa iliyotangazwa ilikuwa shilingi 2,850. Ilianza na Boeing 737, kisha ikahamia kwenye Dash 8-400, ndege ya pangaboi iliyoundwa Kanada, yenye viti 78. Ndege za aina moja zina faida yake: rubani yeyote anaweza kupangiwa ndege yoyote, fundi hahitaji vyeti vya aina mbili, na stoo huweka vipuri vya aina moja. Lakini linaloamua nauli hasa ni saa. Ndege ya kukodi hulipiwa kila mwezi, iwe angani au imeegeshwa. Anayetaka kuuza kiti kwa bei ya chini lazima aipunguzie ndege usingizi.

Chukua njia ya Nairobi–Kisumu. Kwa mstari wa anga ni kilomita 280 hivi, na tangu magurudumu yaanze kuzunguka hadi yasimame ni kama dakika 50. Ongeza dakika 30 za kuwa chini, kila mruko unakula dakika 80. Kati ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa tatu na nusu usiku mna dakika 900, yaani miruko 11. Katika zile dakika 30 abiria washuke, viti vifagiliwe, mizigo itoke na mingine iingie, mafuta yajazwe, wengine wapande. Mlango wa mbele wa Dash hufunguka kuelekea chini na kuwa ngazi, kwa hiyo hakuna kusubiri gari la ngazi. Hata hilo lilifikiriwa ili kuokoa dakika. Sasa tuseme abiria wawili wamekabidhi mizigo lakini hawajafika langoni. Kiusalama mizigo yao haiwezi kusafiri bila wao, basi vijana wa mizigo wanaingia tumboni mwa ndege kuitafuta kati ya masanduku yote. Dakika 30 zimekuwa 50. Hali hiyo ikijirudia kila kituo, mruko unakuwa wa dakika 100 na siku ileile inatoa miruko 9. Viti 156 vimepotea na hakuna kilichoharibika. Wapangaji wa ratiba huacha nafasi kidogo kwa ucheleweshaji wa aina hiyo, lakini hawawezi kuacha nyingi na bado wauze kiti rahisi.

Ndiyo maana lango hufungwa kwa ukali ambao watu huuona kama kiburi. Na ndiyo maana ndege iliyochelewa Mombasa asubuhi humfikia abiria wa Eldoret saa kumi jioni ikiwa imechelewa zaidi: ni ndege ileile, na hakuna nyingine inayosubiri pembeni. Mwenye shughuli isiyongoja, mahojiano ya kazi au kesi mahakamani, akate tiketi ya mruko wa kwanza wa siku. Kwa Kisumu ipo sababu ya pili. Mawingu ya radi huku huumuka alasiri, pale upepo wa ziwa unapoingia nchi kavu yenye joto na kupanda miinuko ya Nandi. Rubani akilikuta wingu hilo juu ya uwanja atazunguka angani akisubiri lipite, au atageukia kwingine.

Bei nayo ina mantiki. Viti 78 hugawanywa katika mafungu, na fungu la bei ya chini lina viti vichache vinavyokwisha mapema. Katika Disemba ndege hujaa kuja Magharibi na kurudi Nairobi karibu tupu. Baada ya mwaka mpya mambo hugeuka. Anayekuja Kisumu tarehe 22 analipia kiti chake pamoja na kiti kitakachorudi bila mtu. Kwa hiyo familia inayotaka kuokoa pesa ni heri iwapandishe wazazi ndege kwenda Nairobi siku hiyohiyo, kwa maana upande huo viti vya bei ya chini bado vipo. Mwaka mzima hali ni hiyo kwa kipimo kidogo: Alhamisi na Ijumaa watu wanakuja kwenye mazishi, Jumapili jioni wanarudi. Jumanne na Jumatano ndizo siku za nafuu.

Nikirudi kwa viwanja. Dash iliyojaa huhitaji takriban mita 1,400 za kurukia pale usawa wa bahari. Kanuni ya kimataifa ya kukadiria urefu huongeza asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko, kisha asilimia 1 kwa kila nyuzi ya joto inayozidi joto la kawaida ambalo kanuni hiyo huukadiria mwinuko huo, kwa sababu hewa nyembamba na yenye joto hainyanyui bawa sawasawa na injini hukosa nguvu. Kakamega iko mita 1,500 na zaidi juu ya bahari. Piga hesabu ya mchana wa nyuzi 27: mita 1,400 zinakuwa 1,900 kwa sababu ya mwinuko, kisha joto linazipeleka hadi karibu 2,300. Kitale, iliyo juu zaidi, inahitaji zaidi ya hapo. Eldoret iko zaidi ya mita 2,100 na ndiyo maana ikapewa barabara ya karibu mita 3,500. Haikuwa anasa.

Msomaji atauliza: mbona ndege hizohizo hutua Malindi, ambako barabara ni takriban mita 1,400 tu? Malindi iko pwani, hewa ni nzito, na safari ya Nairobi ni fupi, hivyo ndege huondoka na mafuta machache. Kiwanja cha mita 1,400 pwani na kiwanja cha mita 1,400 Kakamega si kitu kimoja. Ndege ile inaweza kupunguziwa uzito ili iruke Kakamega, lakini uzito unaopunguzwa ni abiria na mizigo yao, na nauli nafuu inaondoka pamoja nao.

Lami ni mwanzo tu wa gharama. Kwa ndege ya ukubwa wa Dash, viwango vya kimataifa vinataka magari mawili ya zimamoto yenye karibu lita 8,000 za maji ya kuchanganya na povu, na wazima moto wa kuyaendesha kila ndege inapotua. Zinatakiwa mashine za ukaguzi wa mizigo, ua usiopitisha ng'ombe, kituo cha hali ya hewa, na taa. Kiwanja kisicho na taa kinafungwa jua likizama. Ile siku ya dakika 900 inabaki 720, na ndege za jioni, ambazo wafanyabiashara huzipenda, hazipo.

Halafu abiria wenyewe. Kakamega hadi Kisumu ni kilomita 50 hivi. Tuseme mruko mmoja unagharimu shilingi 300,000. Ukiwa na watu 70 kila mmoja abebe chini ya 4,300. Wagawe watu hao kati ya Kisumu na Kakamega, 35 kwa 35, na kila mmoja sasa anabeba zaidi ya 8,500. Hatujawaletea ndege karibu, tumewapandishia nauli wote. Viwanja vidogo vina kazi yake: ndege za viti 12 kama Cessna Caravan, madaktari, wagonjwa wa dharura, watalii. Vitunzwe kwa kazi hiyo, nyasi zikatwe na ua usimame. Visiuzwe kwa wananchi kama mlango wa nauli nafuu.

Nakuru ni jiji tangu Disemba 2021 na wakazi wake wana haki ya kuuliza kuhusu Lanet. Lakini Nairobi iko kilomita 160 kwa barabara. Ukihesabu muda wa kufika uwanjani mapema, kukaguliwa, kuruka, kutua na kutoka uwanja wa Embakasi hadi katikati ya jiji, matatu imekutangulia.

Kinachokosekana zaidi huku ni usafiri wa kuufikia uwanja uliopo. Mtu wa Busia, Siaya, Luanda au Maseno ana bahati, matatu zake hupita barabara ya Kisian mbele ya uwanja wa Kisumu na anaweza kushukia pale. Wa Kakamega na Vihiga huteremka Mamboleo au Kondele, kisha atafute boda na begi mgongoni kuvuka mji mzima. Uwanja wa Eldoret uko kilomita 16 hivi nje ya mji, na anayetua usiku yuko mikononi mwa mwenye teksi. Basi dogo la saa maalumu linalofuata ratiba ya ndege, moja kutoka Kakamega kupitia Chavakali na Mbale, jingine kutoka Kisii kupitia Oyugis na Ahero, litawaongezea abiria wa kaunti hizo nafasi ya kuruka kwa bei ambayo haifiki hata nguzo za ua wa kiwanja kipya. Serikali za kaunti zinaweza kulianza mwaka huu.

Na njia? Ramani yetu ya anga ni gurudumu, kila spoki inaishia Nairobi. Kutoka Kisumu hadi Mombasa ni karibu kilomita 700, na Dash huzimaliza kwa chini ya saa moja na nusu. Safari za moja kwa moja kati ya Mombasa na miji yetu miwili, Kisumu na Eldoret, zimewahi kuwekwa kwenye ratiba, na zinastahili kuwa za kila siku. Shirika nalo linafaidika: matairi, breki na miguu ya ndege huchakaa kwa idadi ya kutua, si kwa kilomita, kwa hiyo mruko mrefu hugawanya gharama hizo vizuri kuliko miruko miwili mifupi. Abiria aliyeunganisha Nairobi kwa tiketi mbili tofauti hana ulinzi: ya kwanza ikichelewa, ya pili imepotea, na mzigo lazima autoe na kuukabidhi upya. Anayelazimika kufanya hivyo aache saa nne katikati, siyo mbili.

Upande wa pili wa ziwa ndiko tumenyimwa kabisa. Kisumu ina barabara ya mita 3,300 na jina la uwanja wa kimataifa. Entebbe iko kilomita 255 hivi, karibu kuliko Nairobi. Mwanza ni 330, Kigali 550. Zote ziko ndani ya uwezo wa Dash bila shida yoyote. Mombasa imepata ndege ya Zanzibar. Kisumu haijapata ya Mwanza, ingawa biashara ya samaki, ya nguo na ya wanafunzi huvuka mipaka hii kila siku kwa basi.

Kikwazo kikubwa kimeandikwa kwenye tiketi. Tozo ya huduma ya abiria ni shilingi 600 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje. Abiria wa Kisumu–Nairobi analipa 600. Akigeuka kwenda Entebbe, safari fupi zaidi, analipa takriban 6,500, sawa na anayekwenda London. Akirudi, Uganda nayo ina tozo yake ya dola. Hapo shirika halijanunua hata tone la mafuta. Hakuna ustadi wa ratiba unaoweza kushinda hesabu hiyo dhidi ya basi la Busia. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 23 zilizozindua soko moja la usafiri wa anga Afrika, Januari 2018, lakini soko lile linafungua haki za kutua. Tozo haikuguswa.

Tozo hiyo imo katika sheria, basi Bunge linaweza kuirekebisha. Pendekezo ni hili: safari yoyote isiyozidi kilomita 600 kutoka Kisumu au Eldoret kwenda nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki itozwe kama safari ya ndani, na Kenya iwaombe Uganda, Tanzania na Rwanda wafanye vivyo hivyo. Hazina haitapoteza kitu, kwa kuwa kwenye njia ambayo hakuna ndege haikusanyi hata senti. Mswada wa fedha hufika bungeni kila mwaka. Wabunge wa Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa watuambie, kupitia ukurasa huu, ni nani kati yao atapeleka marekebisho hayo.

Mdau wa usafiri wa anga,
Kisumu